Mizizi Isiyo na Mti

Harufu ndiyo ilitangulia. Katika maabara ile ya Kaaga hakukuwa na udongo hata wa kujaza kisoda, lakini asubuhi hiyo Karwirwa alifungua mlango akapokewa na harufu ya shamba lililonyeshewa. Akapiga deki mara mbili. Ujinga. Harufu ya namna hiyo haiogopi sabuni.

Kazi yake ilikuwa kulea mizizi ndani ya chupa. Ilitiwa kijidudu cha kuibadilisha, ikawa inamea bila shina wala jani, myeupe, myembamba kama nywele za ajuza, ikielea kwenye maji ya sukari ili ikamuliwe dawa. Kila mwezi aliikata akaigawa kwenye chupa mpya. Mti mmoja ulikuwa umejaza chupa arobaini.

Mti wenyewe aliung'oa porini, kule Mitunguu. Mamake alimfundisha tangu utotoni: ukichimba dawa, chukua mzizi wa upande mmoja, omba radhi, fukia shimo. Lakini gari lilikuwa linamngoja. Aling'oa wote, shimo akaliacha wazi. Masomo tele, adabu hakuna.

Saa sita mchana stima ikapotea. Mashine ya kutikisa chupa ikasimama, lakini maji ndani ya chupa hayakusimama, yalizidi kuzunguka, polepole, na mizizi ikajikusanya upande mmoja, upande aliosimama yeye, chupa zote arobaini, kama watu waliogeuka kumtazama mtu aliyechelewa ibada.

Alikimbia nyumbani. Akamkuta Maxine, bintiye wa miaka minne, anamaliza jagi la tatu la maji. Nywele za mtoto zilikuwa zimelowa, zinanuka udongo, na Karwirwa alipozigusa zilijizungusha kwenye vidole vyake, moja baada ya nyingine, zikivuta.

Mjini kuna Halimo, muuza udi, ambaye hata walokole huenda kwake wakipitia mlango wa nyuma. Karwirwa akampeleka mtoto huko. Halimo alimfukiza, akasoma aya zake. Sauti iliyotoka kinywani mwa Maxine ilikuwa ya kitu kizee.

“Nilikuwa kwangu. Mmenikata vipande. Nirudisheni mzima, au nimee humu.”

“Umesikia, Mama Maxine,” Halimo alinong'ona. “Mzima. Usibakishe hata kipande.”

Kesho yake Karwirwa alibeba chupa zote kwa kreti za soda hadi Mitunguu, akazimwaga shimoni, akaomba radhi akilia, akafukia kwa mikono. Jioni nywele za mtoto zilikuwa zimekauka. Maji hakuyataka tena.

Siku ya tatu alikuwa anamsuka uani, jua linachoma, mtoto akaanza kutetemeka.

“Mami, nasikia baridi.”

“Baridi ya wapi na jua hili?”

“Ya friji. Huko Embu.”

Maxine hajawahi kufika Embu. Lakini mwezi uliopita Karwirwa alimtumia Murungi, waliyesoma naye, chupa moja ya akiba amwekee kwa friji ya kazini kwake.

Akataka kuchukua simu. Nywele zilikuwa zimeshamshika vidole.