Godoro la Brenda

Asubuhi hiyo Atupele alikuwa kwenye kichanja cha kahawa, nyuma ya nyumba yake pale Ihanda. Anachambua punje mbovu, anachungulia simu. Anachambua, anachungulia. Jumapili binti yake Brenda angepata kipaimara, naye Atupele alikuwa ameitangaza habari hiyo mtandaoni. Pongezi zilimiminika. Nani hapendi pongezi?

Mara simu ikaonyesha jambo jingine. Ruti, anayesoma darasa moja na Brenda, alikuwa amelaiki picha ya zamani. Atupele akaifungua.

Ilikuwa picha ya godoro lenye madoa, limeanikwa juani. Brenda mdogo amesimama kando yake. Chini, Atupele mwenyewe alikuwa ameandika: "Wapendwa, niombeeni. Binti yangu bado anakojoa kitandani." Miaka hiyo alidhani anawaandikia wanamaombi wenzake wa kanisani. Kumbe alikuwa anawaandikia walimwengu.

Sasa Brenda yuko kidato cha pili. Ruti akisema shuleni, mtoto atauweka wapi uso wake? Atupele hakukalika. Aliingia ndani, akatoka, akaingia tena. Mwisho akaiacha kahawa hapo hapo, akaenda kwa jirani yake Roda, mwalimu wa kompyuta.

Roda aliitazama simu, akaeleza kwamba mtandao umeubadilisha ukurasa sura. Zamani ilibidi mtu ashuke chini sana kuzifikia habari za kale. Siku hizi miaka imepangwa. Unabonyeza mwaka, umefika.

"Picha haikufufuka, Mama Brenda," alisema. "Ilikuwepo siku zote, na uliiweka ionwe na kila mtu. Kilichobadilika ni njia. Imekuwa fupi."

Wakaingia kwenye mipangilio, kisha faragha. Roda akamwonyesha pa kubonyeza ili posti zote za zamani zionwe na marafiki tu. Atupele akabonyeza, akashusha pumzi.

"Bado," Roda akasema. "Hao marafiki zako wote unawajua?"

Atupele akaipitia orodha. Alikuwa akimkubali kila aliyeomba urafiki, hata wafanyabiashara wa Tunduma asiowahi kuwaona. Ruti naye yumo humo humo. Roda akamweleza kwamba posti ya siri haifai kuachiwa marafiki. Inafunguliwa peke yake, inawekwa ionwe na "mimi tu", au inafutwa kabisa. Ukimaliza, unautazama ukurasa wako kama anavyouona mgeni, uhakikishe. Lakini aliyekwisha kuinakili picha anayo, na hilo halina dawa.

Waliiweka "mimi tu". Atupele akataka kuifuta kabisa, Roda akamzuia.

"Aliye pichani ni Brenda. Mwambie kwanza."

Ee, hapo ndipo penye kazi! Afadhali angeambiwa abebe gunia la kahawa mpaka Vwawa. Jioni, Brenda alipotoka shule, Atupele alimwambia yote. Brenda akaisoma ile posti, machozi yakamtoka.

"Mama, ulishindwa kumwambia Mungu peke yake?"

Atupele alisema tu, "Nimekukosea, mwanangu. Nisamehe." Brenda akaichukua simu, akaifuta picha kwa mkono wake mwenyewe.

Jumapili, baada ya ibada, wageni walikuja kula. Ruti naye alikuja. Atupele alipakua wali huku jicho liko kwake. Akawaona wasichana wale wawili wakienda nyuma ya nyumba, wananong'ona. Mgeni mmoja alimwagiwa mchuzi kwenye suti, maskini. Wasichana waliporudi walikuwa wanacheka, lakini kicheko nacho kina mambo yake, na Atupele hakutulia.

Wageni walipoondoka, Brenda akamfuata mama yake jikoni.

"Ruti hajamwambia mtu," alisema. "Amesema hata yeye aliacha kukojoa kitandani akiwa darasa la tano."

Atupele akakaa kwenye kigoda kwa furaha, akaichukua simu. Brenda akamtazama, akaiona simu mkononi mwake.

"Na hilo, mama, usiliposti."