Wimbo Ulionunuliwa Mara Mbili

Mwizi alikuwa na kompyuta kumi na moja za kuchagua. Akachukua mbovu kuliko zote.

Inspekta aliitazama rafu ya duka la fundi, mikono nyuma. Kompyuta mpakato kumi zilikuwa zimepangwa vizuri, nyingine hata nailoni hazijatolewa. Katikati palikuwa na pengo. Inspekta alikuwa mwanamke wa makamo aliyebakiza miezi minne astaafu, na wizi usio na tamaa ulimkera kuliko wizi wenyewe.

"Iliyoibwa ilikuwaje?" aliuliza.

"Kuukuu, afande. Bawaba moja imevunjika, herufi mbili zimeng'oka. Hata ukipewa bure huichukui."

"Huyu kaichukua."

Fundi akafuta miwani kwa ncha ya shati. Mtaa mzima ulimjua kwa kutodanganya mtu. Akikwambia uje saa nne, saa nne unakuta kitu chako kiko tayari, na kimefutwa vumbi juu.

Koplo alikuwa amechuchumaa mlangoni, anapiga picha kufuli lililokatwa kwa msumeno. Nje, kwenye benchi, alikaa mwenye kompyuta. Miaka thelathini alikuwa nyuma ya dirisha la posta, ndiyo maana watu walimwita Mzee Stempu. Inspekta akaenda kuketi kando yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmeipata?"

"Bado. Ndani yake mlikuwa na nini?"

"Mke wangu."

Inspekta akamgeukia.

"Nyimbo zake," mzee alisema. "Kila mwisho wa mwezi marehemu alikuwa ananunua wimbo mmoja kwenye mtandao. Zilifika tisini na tatu. Duka lenyewe lilishafungwa. Na nyimbo zina kufuli, basi. Zinaimba kwenye kompyuta ile ile tu, ukizihamisha zinanuna. Binti yangu anakuja Jumapili. Alikosa ndege, mazishi ya mama yake hakuyawahi. Nilimwahidi tutakaa wawili tuusikilize ule wimbo wa mama yake wa kupikia."

"Wa kupikia?"

"Akiinjika sufuria, anauweka. Ukiisha, anaurudisha. Anaurudisha mpaka chakula kiive. Alianza tangu tuna kaseti." Mzee akacheka kidogo. "Na huo wimbo aliununua mara mbili. Tuligombana wiki nzima. Nikamwambia, mama, mtu ananunuaje kitu anacho? Akanijibu, ule wa kwanza tumeupanga tu kama nyumba, baba. Huu ndio tumenunua. Sikumwelewa hata kidogo. Mwenzangu alikuwa mwalimu wa hesabu, mimi nagonga mihuri."

Inspekta akatabasamu bila kutaka. Alikumbuka kaseti za kaka yake, zilivyozunguka nyumba nane kwa kuazimwa, zikarudi na kikohozi cha mtu katikati ya wimbo. Utepe ukilegea, unaukaza kwa kalamu. Kaseti haikumuuliza mtu ana ruhusa ya nani. Zilimpotea zote alipohama, na asubuhi ile, kwenye benchi lile, alizitamani mpaka akajionea aibu.

Akarudi ndani, akaliokota kufuli. Aligeuza ubavu mmoja, akageuza wa pili.

"Fundi, hiki unafanyia nini?" Alionyesha jiliwa, kile chombo cha kubania vyuma, kilichofungwa pembeni mwa meza.

"Kubania vitu vidogo, afande."

"Kama kufuli?"

Fundi akafuta tena miwani.

"Kufuli likiwa mlangoni linacheza," Inspekta alisema. "Msumeno unateleza, unachubua rangi. Mlango wako hauna mchubuko hata mmoja. Halafu kufuli hili lina alama za meno pande zote mbili. Koplo, pima."

Koplo akalibana. Meno ya jiliwa yakaingia kwenye alama zake sawasawa. Akapitisha karatasi nyeupe chini ya meza, ikatoka na unga wa chuma unaong'aa, usio na kutu.

"Mwizi wa barabarani hatembei na jiliwa," alisema Inspekta. "Kompyuta iko wapi?"

"Nyumbani. Chini ya kitanda." Fundi akakaa.

"Kwa nini?"

"Ilikuwa nzito mno, mzee akaniomba niichangamshe. Nikafanya kama ninavyofanya siku zote. Nyimbo nikazihamishia kwenye flashi, nikazihesabu, tisini na tatu. Nikaifuta mashine, nikaiwekea mfumo mpya, nikazirudisha. Nikabonyeza wa kwanza. Ikaandika, kompyuta hii haina ruhusa. Ruhusa yenyewe ilikuwa humo humo nilimofuta, na wa kuitoa upya hayupo."

"Hukujua zina kufuli?"

"Nilijua zamani, nikasahau. Siku hizi nani ananunua wimbo, afande?"

"Si ungemwambia tu."

"Nilienda mpaka kwake. Akafungua mlango, akaniuliza, 'Wazima huko?' Kama anaulizia watu. Nikasema bado kidogo. Nikaona bora aibiwe. Mwizi angemlaani, yakaisha. Mimi angenisamehe, na tungekuwa tunaonana kila siku."

Koplo alikuwa ameshatoa pingu. Inspekta akamtikisia kichwa.

"Zote tisini na tatu ulizijaribu?"

"Kama thelathini. Nikashindwa kuendelea."

"Flashi."

Fundi akaitoa kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo. Alikuwa anatembea nayo. Inspekta akaichomeka kwenye kompyuta ya dukani, akashuka na orodha taratibu, kidole kwenye kioo, mpaka alipoona jina moja limeandikwa mara mbili, moja chini ya lingine.

Akafungua la juu. Hakuna ruhusa.

Akafungua la chini.

Gitaa likaanza, na nyuma yake sauti ya mwanamke, taratibu. Fundi akaziba mdomo kwa kiganja.

"Huu aliununua duka jingine, usio na kufuli," Inspekta alisema. "Alijua alichokuwa anafanya, mwalimu yule."

Mzee Stempu alikuwa ameshasimama mlangoni, ameshika fremu kwa mikono yote miwili.

"Mzee," fundi akasema, "hakuna mwizi. Ni mimi niliyefuta. Zile nyingine zimekwenda."

Mzee akainua kidole, kama mtu aliyeko kwenye simu.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Wimbo."

Wakangoja wote wanne, koplo na pingu zake mkononi. Fundi alikuwa analia waziwazi, na alijua kituoni atatakiwa kueleza kwa nini aliwadanganya polisi. Wimbo ukafika mwisho.

"Tumeununua," mzee alisema, kama aliyepewa jibu la swali la siku nyingi. Akavuta kiti, akaketi kando ya fundi, akamwekea mkono gotini.

"Urudishe," alimwambia. "Chakula hakijaiva."

Fundi akaurudisha.