Paka wa Majiko Mawili

Ilikuwa wakati Wabeleji walitawala Kongo. Lupango letu, uwanja wa nyumba yetu kule Kasongo, lilikuwa na majiko mawili: moja langu, mimi Feza, muke mudogo; lingine la Mwamvita, muke mukubwa. Paka alikuwa mumoja tu, Kapita. Tumbo lake lilifagia chini, na bado alilia njaa kutwa nzima!

Siku moja tulikuta panya wametoboa gunia la mbegu ya mupunga. Miezi mitatu ilibaki kabla ya kupanda. Niliogopa sana. Bila mbegu, watoto watakula nini?

Mume wetu Atumani alifoka: "Kapita analala, panya wanapita! Musimupe kitu tena. Njaa itamufundisha kazi."

Jirani yetu Gérard, musaidizi wa muganga wa mifugo, alisikia kelele, akapiga hodi.

"Hapana, baba Faradji," alimuambia Atumani, akimuita kwa jina la mutoto wake. "Paka munono akikatiwa chakula mara moja, ini linaharibika. Anaweza kufa."

"Lakini iko na njaa kila saa!" nilisema.

Gérard alimupapasa Kapita. "Mbavu sizisikii, ni mafuta tupu. Ugonjwa siuoni. Analia kwa sababu akilia, anapewa. Nani anamulisha?"

"Mimi," nilijibu. "Nilizani Mwamvita anamunyima."

"Ee! Na mimi nilizani wewe ndiye unamunyima!" alisema Mwamvita.

Tulicheka. Atumani alikohoa.

"Na wewe, baba?" Gérard alimuuliza.

"Samaki kidogo tu," alinong'ona.

"Loo! Na ulikuwa unatugombeza!" Mwamvita alimurukia.

Gérard alisema: "Mukono mumoja ulishe, wa Mwamvita. Mara mbili kwa siku, samaki bila mafuta ya mawese. Punguzeni polepole, kila wiki kidogo. Akilia, Feza, vuta kamba acheze. Na mbegu tieni ndani ya mitungi, mufunike. Musimuachie paka kazi yote."

Wiki ya kwanza Kapita alilia mupaka nikashika kichwa cha samaki nimupe.

"Feza!" Mwamvita aliita.

Nilikirudisha.

Mwezi wa pili tumbo liliacha kufagia chini. Mwezi wa tatu Kapita aliruka juu ya ukuta wa gala, akashuka na panya mudomoni. Mwamvita alipiga vigelegele.

Mvua ikaja. Tulifunua mitungi, tukapanda, Mwamvita upande ule, mimi upande huu. Mbegu ilifika mupaka mustari wa mwisho, na konzi mbili zikabaki. Nililia kwa furaha, wala sikuona haya.