Mifuko ya Maji ya Milagros

Mifuko minne ya maji ya kuhifadhia utumbo wa kupandikizwa ilikuwa imetoweka, na ndege iliyobeba utumbo wenyewe ilikwisha ruka kutoka Mendoza.

Inspekta Graciela Ibarlucea alikagua friji ya chumba cha upasuaji, hospitali ya watoto mjini Rosario. Kufuli zima. Hakuna alama ya kuvunja.

"Tusipoyapata?" alimuuliza Daktari Zubiría, mpasuaji mkuu.

"Utumbo ukikosa damu, utando wa ndani ndio unaokufa kwanza. Maji yale yanaulinda mpaka damu irudi. Bila hayo simpasui Milagros. Ana miaka saba, analishwa kwa mshipa, na mishipa yenyewe imekwisha."

"Funguo anazo nani?"

"Mimi na msaidizi wangu, Lautaro."

Inspekta akafungua sehemu ya barafu. Vipande vilikuwa vimeshikana kuwa bonge moja: viliyeyuka, vikaganda tena. Akainama nyuma ya friji. Kando ya plagi kulikuwa na majani ya mate, ile chai ya Waargentina, bado yana unyevu.

Akamwita Daktari Lautaro Bengoechea, kijana mwenye macho mekundu.

"Ulikuwa zamu?"

"Ndiyo."

"Ulikunywa mate?"

"Nani hanywi mate nchi hii, Inspekta?"

"Birika ulichomeka wapi?"

Lautaro akaitazama plagi.

"Nakuuliza wewe, daktari."

Kijana akakaa. "Nilichomoa friji. Nikaitwa wodini, nikasahau. Narudi asubuhi, mifuko ina joto. Maji yale yakipata joto yameharibika. Nikachomeka friji tena, maji nikayamwaga, mifuko nikaitupa kwenye tanuri la taka."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa Zubiría? Aliyenifundisha hata kushika kisu? Nilimwogopa. Nikaona heri ionekane tumeibiwa, nikaripoti wizi polisi, ili watafute mengine."

"Ungeiacha mifuko ndani ukanyamaza. Nani angejua?"

"Angeumia Milagros."

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Zubiría alikuwa amesikia yote.

"Mpumbavu mkubwa we! Tunahangaika na mwizi, kumbe birika!" Tayari alikuwa na simu sikioni. "Hospitali ya Santa Fe? Maji ya kuhifadhia utumbo mnayo? Yote, tafadhali!"

Inspekta akashika redio yake. Pikipiki mbili za polisi zikafungua njia, ving'ora vikilia, na maji yakafika kabla barafu ya kwenye sanduku la utumbo haijapungua.

Upasuaji ukachukua siku nzima. Ukumbini mama yake Milagros alikuwa akisokota kitambaa mikononi. Inspekta hakuweza kuondoka.

Zubiría akatoka, barakoa shingoni.

"Damu iliporudi, utumbo ukageuka rangi ya waridi mbele ya macho yetu. Ukaanza kucheza wenyewe!"

Mama akakaa sakafuni, akacheka huku machozi yakimtiririka. Lautaro alikuwa ameegemea ukuta, amejifunika uso.

"Kutoa taarifa ya uongo kwa polisi ni kosa," Inspekta alimwambia. "Kesho utakuja kituoni kuandika maelezo."

"Nitakuja, Inspekta."

"Leo je?" aliuliza Zubiría kwa ukali. "Utasimama hapo kama nguzo? Nenda ukakae na mgonjwa wako."