Sauti Iliyonyamaza kwa Sekunde Arobaini

Saa nane kasoro dakika tano mchana, Mzee Gia alitoka chumba cha mapumziko akipiga miayo, akafika uani lilipoegeshwa gari la ofisi, na miayo ikamkatikia mdomoni. Taa ya mbele ya kushoto ilikuwa imepasuka. Boneti ilikuwa imebonyea, na kwenye bampa kilikuwa kimenasa kipande cha kitambaa cha buluu, kipya kabisa, ambacho hakijawahi kuguswa na sindano.

Miaka ishirini na sita alikuwa amewaendesha watu wa jarida lile la magari bila kukwaruza hata kioo cha pembeni. Zilikuwa zimebaki wiki tatu tu astaafu. Alisimama pale akishika tama, kisha akampigia Mpimaji simu, kwa sababu ndiye mtu pekee pale ofisini aliyekuwa akimsikiliza mpaka mwisho.

Mpimaji alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na ushee ambaye kazi yake ilikuwa kujaribu vifaa wanavyouziwa wenye magari, kisha kuwaambia wasomaji kama fedha yao itapotea. Wiki ile alikuwa na kielekeza njia: kidude cha ukubwa wa kiganja kinachonata kiooni kwa mpira, kinaonyesha ramani, kinakuambia ukate wapi, na simu ikiingia kinakupokelea ili uongee mikono ikiwa kwenye usukani. Mzee Gia alikuwa amekibatiza jina la Bi Mdogo, maana kilikuwa kikimkatiza maneno ndani ya gari lake mwenyewe. Kila alipopanda alikipunguza sauti mpaka kikabaki kunong'ona.

Inspekta alifika saa nane na nusu, na habari aliyoileta iliwakata maini. Saa saba na dakika ishirini na mbili, kwenye barabara ya bohari, fundi cherehani mmoja aliyekuwa akivuka na robota la kitambaa cha buluu aligongwa na gari lililoandikwa mlangoni jina la jarida hili. Mguu ulivunjika mara mbili. Gari lilisimama kidogo, hakushuka mtu, likaondoka.

"Na humo ndani alikuwamo mwanamke," Inspekta alisema. "Mama wa watu, huyo fundi, amemsikia kwa masikio yake. Alikuwa akisema kwa sauti kubwa, 'Upo? Mbona kimya? Kuna nini?'"

Maswali yalianza pale pale uani. Mzee Gia alieleza kwamba saa saba kamili alitundika ufunguo kwenye msumari wa ukumbini, ghorofa ya pili, kama afanyavyo kila siku, akashuka kulala kidogo. Shahidi? Hakuwa naye, labda yule aliyemsikia akikoroma. Geti nalo halina mlinzi. Linajifungua lenyewe kwa kadi iliyobandikwa kwenye kioo cha gari. Kwa hiyo yeyote aliyepita ukumbini angeweza kuchukua ufunguo, na Inspekta hakuona sababu ya kumtafuta huyo yeyote huku dereva amesimama mbele yake.

Likabaki swali la mwanamke. Mpimaji alikuwa akila na wenzake kantini saa hiyo. Mama Stoo, mtunza ghala, aliitwa akaja na simu yake mkononi. Alipoulizwa alikuwa wapi saa saba na robo, alisema alikuwa ghalani akihesabu vipuri, na alisema hivyo huku nywele zake, zilizokuwa matuta asubuhi, sasa zimesukwa upya mistari minane iliyonyooka mpaka kisogoni. Inspekta alizitazama mstari baada ya mstari. Mama Stoo alivumilia kama dakika moja hivi, kisha akatoa namba ya msusi. Msusi alipopigiwa alithibitisha: saa saba kasoro hadi saa nane kasoro, hakuinuka kitini.

"Basi alikuwa mwanamke mwingine," Inspekta alisema, akamgeukia Mzee Gia. "Mzee wangu, usinichoshe. Ni nani huyo uliyempakia?"

Mzee Gia aliapa hakumpakia mtu. Mikono yake, iliyozoea kushika kitu cha duara, ilikuwa haijui ikae wapi. Mpimaji alimwangalia akaona kwamba mambo yakienda hivi, mzee huyu atatoka kwenye geti lile akiwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la polisi, na miaka yote ile itahesabika bure.

"Inspekta," alisema, "ndani ya gari kuna shahidi. Niruhusu nimuulize."

Aliingia akabonyeza kitufe cha kielekeza njia. Sauti iliyotoka iliwashtua wote. Mama Stoo alirudi nyuma hatua mbili. Kidude kilikuwa kimepandishwa sauti mpaka mwisho, na herufi za ramani zimekuzwa hadi ukubwa wa mwisho, jina la mtaa mmoja likijaza nusu ya kioo. "Natafuta simu iliyotumika mara ya mwisho," kilisema. Kikanyamaza kidogo. "Simu haipatikani."

Mpimaji alifungua kumbukumbu ya safari, na hapo mwili ukamsisimka. Kwa wiki nzima alikuwa amekipima kidude kile kama anavyopima pampu za matairi, akiandika maksi. Hakuwahi kukaa akafikiri maana yake. Juu kule, mbali kuliko ndege ipaavyo, vyombo visivyoonekana kwa macho vilikuwa vikizunguka dunia, na kwa milio yao kidude hiki kidogo kilikuwa kimejua gari hili lilikuwa wapi kila sekunde, wakati binadamu wote pale ofisini walikuwa wakila au wakilala. Gari lilitoka getini saa saba na dakika tatu. Lilifuata Njia ya Tatu, njia ya majaribio aliyoichora yeye mwenyewe. Lilikwenda kilomita kumi na moja bila kukosea kona hata moja. Saa saba na dakika ishirini na mbili, simu iliingia ikapokelewa. Sekunde ya ishirini na tano ya mazungumzo, mwendo ukashuka kutoka arobaini na nane hadi sifuri. Sekunde tisa gari lilisimama. Likaondoka. Sekunde ya arobaini, simu ikakatwa.

Inspekta alikuwa ameinama dirishani, kofia mkononi kama mtu aliyeingia nyumba ya ibada. "Kinajua yote haya?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kinajua. Na mwanamke wako ndiye huyo aliyepiga simu, Inspekta. Hakuwamo garini. Kwa sauti hii, hata mtu wa ng'ambo ya barabara angemsikia."

"Basi tuambie ni simu ya nani."

Hapo ndipo penye kazi. Jana yake Mpimaji alikuwa amekiunganisha kidude na simu nne ili kupima usikivu wa mazungumzo: yake, ya Mzee Gia, ya Mama Stoo na ya Mhariri. Kanuni ya kazi ilimtaka afute orodha ile kila jioni. Jana hakufuta, alikuwa na haraka, akasahau. Sasa orodha ilikuwapo, ila majina ya waliopiga hurudi tu pale simu yenyewe inaporudi karibu, ndani ya hatua kumi hivi. Na kidude hiki, alivyokuwa ameandika kwenye daftari lake, huitafuta simu moja tu, ile iliyotumika mwisho. Nyingine hakishughuliki nazo.

Simu yake ilikuwa mfukoni mwake. Ya Mzee Gia ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Ya Mama Stoo ilikuwa mkononi. Zote tatu zilikuwa zimewaka, hatua nne kutoka kiooni, na kidude kilikuwa kimesema simu haipatikani.

Mpimaji aliketi akiutazama usukani. Ilimjia kwamba Mhariri, mtu aliyemfundisha kazi, miezi hii ya karibuni alikuwa hasomi makala tena. "Nisomee, binti yangu, nisikie mdundo wake," alikuwa akimwambia, naye angesimama mbele ya meza akasoma huku mzee amefumba macho. Ofisi nzima ilimsifu kwa sikio lake. Asubuhi hii hii alikuwa amemsomea ripoti ya kielekeza njia, na Mhariri alikuwa ameuliza mara mbili kama kweli kinataja kila kona mapema. Sauti mpaka mwisho. Herufi mpaka mwisho. Akatamani angekuwa amekumbuka kufuta.

Lakini Mzee Gia alikuwa amesimama pale nje, hajui mikono aiweke wapi.

"Inspekta," alisema, "naomba umwite Mhariri ashuke."

Mhariri alishuka ngazi taratibu, mkono mmoja kwenye reli, midomo ikicheza kidogo kama anayehesabu. Alivuka ua akiwa wima, amependeza kama kawaida yake. Alipofika usawa wa tanki la maji, hatua nane kutoka garini, kidude kilisema chenyewe, kwa sauti iliyojaza ua:

"Simu imeunganishwa."

Mama Stoo alijishika kifua. Inspekta alikitazama kidude, akamtazama Mhariri, akakitazama tena kidude. Kiooni orodha ilikuwa imejipanga, na ya kwanza kabisa ilikuwa simu iliyoingia saa saba na dakika ishirini na mbili. Nyumbani. Mpimaji aliibonyeza.

Ilipokelewa mara moja. "Baba watoto," sauti ya mwanamke ilisema, ile ile aliyoisikia fundi cherehani akiwa amelala lami, "mbona mchana ulinikatia? Nimesikia kishindo, nimekuita hujibu. Umefika kwa daktari? Amesemaje kuhusu macho?"

Mhariri alinyoosha mkono hewani kutafuta paa la gari, akalipata, akaegemea.

"Nitakupigia, mama," alisema. Akasubiri mpaka simu ikakatwa. Kisha akasema, "Kwa daktari nilikwenda wiki iliyopita. Alinikataza kugusa usukani tena. Katikati sioni kitu, binti yangu. Naona pembeni tu, na pembeni penyewe kama nyuma ya pazia."

"Sasa kwa nini uliendesha?" Mpimaji aliuliza.

"Miaka thelathini nimeandika juu ya magari. Nilitaka kujua kama bado naweza." Uso wake uling'aa kidogo, hata pale. "Hujui ilivyokuwa. Mita mia mbili, kata kushoto. Nilikata, na kona ilikuwapo. Kila ilichoniambia kilikuwapo. Nilikuwa kama mtu anayeongozwa kwa mkono. Kilomita kumi na moja. Nililia mle ndani kwa furaha. Halafu mama watoto akapiga, na ile sauti ya njia ikanyamaza. Nilikuwa nangoja iniambie, haikuniambia. Nikasikia kishindo."

"Ukasimama sekunde tisa," alisema Inspekta.

"Nilisimama. Nikaogopa, nikaliondoa gari. Nilipoikata simu sauti ikarudi, ikaniambia niendelee mbele, nikaendelea."

"Na mzee huyu? Ungemwacha afungwe?"

Mhariri aligeuza uso upande aliodhani Mzee Gia amesimama, akakosea kwa hatua mbili. Mzee Gia ndiye aliyesogea, akasimama mbele yake pale alipotazama, akasema kwa utulivu, "Mkubwa, ungeniambia tu. Ningekupeleka popote ulipotaka."

Mhariri alilia wakati huo, bila kujificha. Inspekta alimshika mkono kumpeleka kwenye gari la polisi, na kwenye ukingo wa geti akamwambia ainue mguu.

Saa kumi na moja Mpimaji alikuwa mezani kwake, kidude kimelala mbele yake kimezimwa. Mzee Gia alikuwa amekwisha kwenda hospitali kumwona fundi cherehani. Alisema hawezi kulala kabla hajamwona, ijapokuwa kosa si lake. Mpimaji aliifungua ripoti aliyoisoma asubuhi kwa sauti nzuri, yenye mdundo, mbele ya mtu aliyefumba macho. Aliipata ile sentensi kwenye ukurasa wa pili, imeandikwa kwa mwandiko wake safi: Simu inapoingia, sauti ya njia hunyamaza hadi mazungumzo yaishe. Kasoro ndogo.

Alichukua kalamu nyekundu akalikata neno la mwisho. Alitafuta neno jingine la kuweka mahali pake mpaka giza likaanza kuingia chumbani, asilipate, akaiacha ripoti wazi mezani akachukua mkoba kumfuata Mzee Gia hospitali.