Mama Aliyefundishwa Kusema Hana Mtu

Ndugu zangu wa Malangali, nanyi mlioko Kate na Kipili, nisikilizeni. Uvumi huu ulimwingia jirani yetu Atusaye sokoni ukakataa kutoka: eti Wazungu wanakuja Sumbawanga kusajili wazee wanaoishi peke yao, wawalipe kila mwezi kama wanavyofanya kwao.

Jioni ile nyumba ilikuwa shwari. Mama mkwe wake, Bibi Kristiana, alikuwa kando ya moto akichambua maharage, wajukuu wamemzunguka. Atusaye akisonga ugali wa ulezi alisimulia uvumi ule, ili tu autue moyoni.

Mumewe Eustaki, fundi pikipiki, aliruka. "Si ndicho nilichosikia redioni! Ufaransa na Finland, karibu theluthi moja ya pato la nchi inakwenda kwa wazee, wagonjwa na wasio na kazi. Italia, wastaafu ndio wanaopewa fungu kubwa. Denmark, mzee akiishi peke yake anatumiwa mtu wa kumwogesha!"

"Wa kumwogesha, mwanangu?" Bibi alicheka. "Na huyo mwogeshaji, mama yake anaogeshwa na nani?"

Walicheka wote. Na kweli jambo hilo ni zuri, tusilibeze. Nchi kumkumbuka mtu asiye na nguvu tena za kushika jembe, hiyo ni ya kuvuliwa kofia. Lakini betri za redio zilikuwa zimekufa kabla kipindi hakijaisha, na Eustaki akajijazia mwenyewe kilichobaki.

"Mama, hamia kile kibanda cha shambani. Siku chache tu. Wakija wakakuuliza, sema huna mtu."

"Eustaki, watu ninao. Niseme sina, na Mungu anasikia?"

"Sema tu, mama. Ni kwa faida yetu sote."

Atusaye aliona si sawa, lakini aliendelea kusonga ugali wake. Alijiambia, huyo ni mama yake, si mama yangu. Kina mama wenzangu, hapo ndipo tunapoharibu.

Kesho yake Bibi alihamia kibandani. Juni ya Ufipa mnaijua. Upepo unapenya hadi kwenye mifupa. Kila asubuhi Atusaye alipeleka uji shambani, na Wazungu hawakutokea. Siku moja alikuta moto umezimika, uji wa jana haujaguswa, na Bibi anatetemeka huku kifua kinakoroma. Alipiga yowe. Jirani yake Valeria, muuza samaki aina ya migebuka, akatafuta bajaji, wakambeba hadi hospitali.

"Shikamoo, bibi," muuguzi alimwinamia. "Nani anakuuguza? Una ndugu?"

Eustaki alikuwa ndio kwanza ameingia, mikono bado ina oili. Bibi alifumbua macho, akamtazama, akayafumba.

"Sina mtu."

"Mama, ni mimi!"

"Sina mtu," alirudia kwa utii, kama mtoto anayejibu swali la mwalimu.

Ilikuwa ni homa iliyomsemesha hivyo. Lakini Eustaki, mwanaume mzima, alikaa sakafuni akalia.

Kwa kuwa mgonjwa alisema hana ndugu, aliitwa afisa ustawi wa jamii, kijana wa Mbeya aitwaye Lwitiko. Eustaki alimweleza yote. Lwitiko hakumtukana.

"Kaka, wasajili hao hawapo. Ulichosikia redioni ni kweli, tena ni cha kusifiwa. Nchi nyingine hutoa fungu kubwa, nyingine dogo, kama Ireland. Kila moja imepanga yake. Lakini fedha zile ni jasho lao. Wanakatwa kodi na michango tangu ujana. Wamekubaliana kubebana. Sasa wewe umemshusha wa kwako, abebwe na nani?"

Bibi alipona, Mungu ashukuriwe, ingawa pumzi yake haijarudi yote, na mlima wa kwenda kanisani hauwezi tena. Eustaki alimrudisha nyumbani, akamtengenezea kitanda karibu na jiko. Kisha alisimama mbele ya jumuiya ya waumini, akasema kosa lake bila kuficha, akaomba wapeane zamu za kuwafulia na kuwachotea maji wazee ambao kweli hawana mtu. Zamu ya kwanza aliichukua yeye, kwa mzee Tadei, asiye na mke wala mtoto.

"Jamani, Denmark imefika Malangali," Valeria alimtania, "ila hii inanuka oili!"

Mzee Tadei alikuwa amevaa shati safi. Hakujali linanuka nini.

MAFUNZO

Tuwasifu wanaotunza wazee wao, wawe Wazungu au majirani, na tuige kazi yao, si uvumi unaowahusu. Kwa hiyo:

Usikate shauri kwa habari uliyoisikia nusu.
Usimfundishe mama kukukana. Atajifunza.
Usidhani kuna nchi inayotunza watu bila watu wake kuchangia.
Usinyamaze eti kwa sababu ni mama wa mwenzako.
Usimlaze mzee mbali na moto. Juni haimsubiri mtu.