Maneno Ambayo Bibi Sikudhani Hakuyasema

Kila alasiri, baada ya kutoka shule na kuvua sare, Sabiha alikaa uani na bibi yake kuchambua mahindi. Bibi Sikudhani alipepeta, na Sabiha akaokota punje zilizotobolewa na zilizoota kuvu. Zile za kuvu hazikupewa hata kuku. Zilifukiwa shimoni nyuma ya nyumba. Pale kijijini Kolo, mtu mwenye shaka na mavuno yake alimletea Bibi Sikudhani konzi ya mahindi. Bibi aliyanusa, akapasua punje kwa ukucha, kisha akasema kama yanaliwa au hayaliwi. Alichosema hakikubishiwa.

Mwaka huo mvua zilichelewa kukatika, na wengi wakavuna mahindi yakiwa na unyevu. Mwalimu Elieza, aliyefundisha kompyuta, aliwapa wanafunzi wake vishikwambi vyenye programu mpya. Programu hiyo ilisikiliza maneno ya mtu na kuyaandika. Ikishaizoea sauti yake, iliweza hata kutunga maneno mengine na kuyasema kwa sauti ileile. Mwalimu aliwatuma wakarekodi mawaidha ya wazee kuhusu kuhifadhi mavuno, ili ayasambaze katika kundi la simu la wazazi. Aliwaonya kwamba programu iondoe kelele tu, isiongeze neno.

Sabiha alianza vizuri. Lakini bibi yake hakuwa mtu wa kuharakishwa. Alisalimia ukoo mmoja baada ya mwingine, akasimulia mvua za zamani, akakohoa, ndipo akaanza kueleza namna ya kujenga kichanja cha kuanikia. Nje, wenzake Sabiha walikuwa wakicheza rede. Sabiha akamwambia bibi yake kuwa yametosha. Kisha akaiagiza programu imalizie yenyewe. Kufumba na kufumbua kazi ikawa imekwisha, tena bila kikohozi hata kimoja. Sabiha hakuisikiliza. Aliipeleka kwa mwalimu kama maneno ya bibi mwenyewe, na darasa likampigia makofi. Jamaldini, aliyekaa naye dawati moja, akamtania kwamba sasa bibi yake atasoma taarifa ya habari.

Siku chache baadaye, Mama Hamida, jirani yao, alipita uani na ndoo ya mahindi kichwani akielekea mashineni. Aliamkia, akaanza kumshukuru Bibi Sikudhani. Alisema mahindi yake yalikuwa yameota kuvu na alikuwa amekwisha kata tamaa. Ila baada ya kusikia mawaidha yake kwenye kundi la wazazi, ameyaosha kwa maji ya chumvi na kuyaanika upya. Leo watoto watakula ugali.

Mikono ya Bibi Sikudhani ikasimama juu ya ungo. "Nani amekuambia uyaoshe?"

"Ni wewe, Bibi. Nimekusikia kwa masikio yangu."

Mama Hamida akatoa simu na kuifungulia. Sauti ya Bibi Sikudhani ikasikika, nzuri na ya taratibu, ikishauri kwamba mahindi yenye kuvu yaoshwe kwa chumvi, yaanikwe, kisha yasagwe bila wasiwasi.

"Hayo sijayasema," Bibi akasema kwa hasira. "Sumukuvu haitoki kwa maji, wala jua, wala moto. Inakula ini la mtu. Yatupe."

"Jana unasema niyale, leo unasema niyatupe," Mama Hamida akajibu, naye amekasirika. "Ghala lako limejaa, Bibi, ndiyo maana unacheza na njaa ya wanangu."

Akajitwika ndoo na kuondoka bila kuaga.

Sabiha alikuwa ameinama, uso ukimwaka. Alimkasirikia Mama Hamida kwa maneno yale, akakikasirikia kishikwambi, akamkasirikia hata bibi yake kwa kuongea polepole. Kisha akamwona bibi yake akifuta macho kwa ncha ya khanga. Kabla ya siku hiyo hakuna mtu aliyewahi kumwona mwongo. Hapo hasira zote zikamgeukia Sabiha mwenyewe. Akainuka, akatimua mbio.

Alimkuta Mama Hamida akiinua ndoo amimine mashineni. Sabiha akaishika kwa mikono miwili.

"Usisage, Mama Hamida. Si Bibi aliyesema. Ni mimi niliyeiagiza programu ya kishikwambi iseme kwa sauti yake."

Msagaji akazima mashine. Watu wote waliokuwa kwenye foleni walisikia. Mama Hamida akamfokea mbele yao wote kwamba nusura azike mtoto kwa ajili ya uvivu wa Sabiha. Sabiha akabeba ile ndoo hadi nyumbani kwa bibi yake, akachimba shimo refu na kuyafukia mahindi.

Mwalimu Elieza alifika jioni ile, baada ya kusikia yaliyotokea mashineni. Alimkaripia Sabiha kwa ukali, kisha akamwomba Bibi radhi kwa kuwa naye alisambaza sauti bila kumsikilizisha kwanza mwenyewe. Aliifuta kundini na kuwaonya wazazi wote. Mama Hamida naye aliitwa, akajaziwa ndoo yake mahindi safi kutoka ghala la Bibi. Aliyapokea akiwa bado amenuna.

Bibi Sikudhani akadai kishikwambi. Mwalimu alidhani anataka kukivunja.

"Nataka kurekodi," Bibi akasema. "Chombo hiki kitafika nisikoweza kwenda kwa miguu hii." Akamgeukia mjukuu wake. "Lakini hakimjui Hamida, na akiumwa hakitakesha naye. Wewe unamjua, mnasoma pamoja. Kwa hiyo kusikiliza mpaka mwisho ni kazi yako, huwezi kuipa mashine. Ukiweka maneno katika kinywa cha mtu umeiba, na aliyeibiwa si mimi peke yangu. Ni kila aliyeniamini. Sasa kaa, unisikilize."

Sabiha akakaa. Bibi akaanza upya kusalimia ukoo mmoja baada ya mwingine, na safari hii hakuna aliyemharakisha.